Kamati ya Ujenzi Haihamishi Kanisa

Makanisa mengi ya pembezoni mwa Dar es Salaam yana historia moja. Familia chache zinaanza kusali sebuleni kwa mtu, zinahamia chini ya mwembe, linajengwa banda la mabati, banda linajaa, watu wanasimama madirishani, inaongezwa ibada ya pili. Hapo ndipo mzee wa kanisa anasimama wakati wa matangazo na kusema, "Wapendwa, sasa tujenge." Miaka inapita. Saruji inanunuliwa mfuko kwa mfuko, lenta inamwagwa, paa linaezekwa. Halafu ghafla jengo liko tayari, na hakuna aliyekaa chini kufikiri Jumapili ya kwanza ndani yake itakuwaje.

Sisi tulipita njia hiyohiyo, tukiwa mtaa (yaani tawi la usharika) wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kando ya barabara ya Morogoro, ambao baadaye ulipandishwa kuwa usharika. Plasta ilipokuwa inamalizikia, baba mchungaji alileta wazo ambalo wajumbe kadhaa wa ujenzi walilipokea kwa kununa: iundwe kamati nyingine, ndogo, ya kuhamia. Nikapewa ukatibu. Tangu hapo nimekuwa nikipigiwa simu na watu wa makanisa mengine, Waluteri kwa Wapentekoste, wakiuliza namna ya kuhamia jengo jipya, na jibu langu la kwanza huwa ni lilelile. Msiwaachie waliojenga kazi ya kuhamisha. Wamechoka, na kazi yenyewe si ya aina yao.

Angalia kamati ya ujenzi inavyoundwa. Anatafutwa mhandisi, mfanyabiashara wa vifaa, mwenye lori, mtu anayefahamiana na watu wa benki, na mzee mwenye sauti ya kuendesha harambee. Hao ni watu wa nondo na kokoto, na Mungu awabariki. Lakini waulize mama mwenye kichanga atanyonyeshea wapi, uone watakavyotazamana. Kamati ya kuhamia iwe na mama wa usafi, mwalimu wa shule ya Jumapili, fundi mitambo, mmoja wa wale wanaopokea wageni mlangoni, mtu anayetembelea magongo au kiti cha magurudumu, na mama mmoja kutoka Umoja wa Wanawake ambaye ameshapika kwenye misiba mingi. Watu saba au wanane wanatosha. Wakizidi hapo mtaanza kulipana nauli za vikao.

Na ianze kazi fundi akiwa bado saiti. Swichi iliyowekwa mahali pabaya huhamishwa kwa maneno tu kama fundi umeme hajalipwa mwisho wake. Akishaondoka ni ankara mpya. Kanisa Kuu la Anglikana pale Mkunazini, Zanzibar, lililoanza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, lina nguzo ambazo wageni huoneshwa hadi leo: zimesimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba Askofu Edward Steere hakuwepo siku mafundi walipozisimamisha, na aliporudi akaamua ziachwe zilivyo. Zimekuwa kivutio. Kasoro ya kwenu haitakuwa kivutio.

Kuna wanaosema kuharakisha ni imani. Mimi huwafungulia Wafalme wa Kwanza. Sura ya 6 inasema hekalu la Sulemani lilimalizika mwezi wa nane. Sura ya 8 inasema sherehe ya kuliweka wakfu ilifanyika mwezi wa saba. Wafasiri wengi huhesabu kwamba ulikuwa mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, yaani jengo lilikaa karibu miezi kumi na moja likisubiri. Na katikati, sura ya 7, msomaji anakutana na Hiramu wa Tiro akifua nguzo za shaba, mabirika, masufuria na majembe ya majivu. Vyombo! Watu hupenda kuiruka sura hiyo, lakini kwa kamati ya kuhamia ndiyo sura yenu.

Kitu cha kwanza tulichokipima sisi kilikuwa jeneza. Wajumbe wa ujenzi walicheka, mpaka mama wa Umoja wa Wanawake alipowauliza ni ibada ngapi za mazishi wamehudhuria mwaka ule. Tulichukua benchi refu la banda la zamani, wanaume sita wakalinyanyua mabegani, wakaingia nalo mlango mkubwa. Mlangoni walipita kwa shida kwa sababu bawa moja la mlango lilikuwa limekomewa kwa chini na komeo lenyewe limejaa saruji. Njia ya katikati ilikuwa sawa. Walipofika mbele ya madhabahu, wakashindwa kugeuka. Benchi la kwanza lilikuwa karibu mno na ngazi, na wale wawili wa nyuma walibaki wamebanwa kati ya mabenchi. Tukaondoa safu nzima ya mbele. Tulipoteza nafasi za watu kumi na wawili, tukapata pa kugeuzia jeneza, na bwana harusi na bibi harusi wakapata pa kusimama na wasimamizi wao bila kukanyaga gauni. Kama bado hamjatengeneza mabenchi, acheni njia ya katikati yenye zaidi ya mita moja na nusu. Na ngazi za nje ziwe na njia ya mteremko pembeni, kwa sababu wabeba jeneza hawatazami chini, na bibi zetu wenye magoti mabovu hawasemi. Wanaacha tu kuja.

Sasa sauti. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za makanisa zinapopotea.

Banda la mabati lina joto na lina kelele za mvua, lakini halina mwangwi mkubwa, kwa sababu limejaa watu na liko wazi pembeni. Jengo jipya ni tofali, plasta laini, vigae sakafuni, vioo madirishani. Vyote hivyo vinarudisha sauti. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo katika ukumbi wenye urefu wa mita 25, neno la mhubiri linakwenda kugonga ukuta wa nyuma na kumrudia baada ya kama sehemu ya saba ya sekunde, wakati ameshaanza neno lingine. Maneno yanakanyagana. Waumini wa nyuma wanalalamika hawasikii, fundi mitambo anaongeza sauti, mwangwi nao unaongezeka, na kamati inaamua spika ni ndogo. Zinanunuliwa kubwa zaidi. Hali inakuwa mbaya zaidi.

Kabla ya kununua kifaa chochote, ingieni mle ndani mfanye majaribio mawili. Moja ukumbi ukiwa mtupu, mtu asome Zaburi kutoka mimbarani bila kipaza sauti na wengine mkae nyuma kabisa. La pili watu wakiwa wamejaa, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti na ukumbi unabadilika kabisa. Sisi tuliwaita watu wa jumuiya zote kwa ibada ya jioni katikati ya juma, tukawaambia waziwazi kwamba ni majaribio. Kwaya ya matarumbeta ilipopiga wimbo wa kwanza, watoto wawili waliziba masikio na mzee mmoja akatoka nje. Pale pale tukajua kazi tuliyonayo. Mapazia mazito ukuta wa nyuma na zulia eneo la madhabahu vilisaidia sana. Spika mbili kubwa zilizokuwa mbele zikielekea ukuta wa nyuma, tulizibadilishana na ndogo nne, zikafungwa kwenye kuta za pembeni zikiinamia watu. Jumla ya gharama ilikuwa chini ya bei ya zile kubwa zaidi ambazo mjumbe mmoja alikuwa ameshaziombea ankara kifani.

Kama paa ni bati tupu bila dari, mjue pia kwamba msimu wa masika mahubiri yatakatika. Heri kuhamia na dari ya kawaida bila vigae kuliko vigae vinavyong'aa bila dari. Najua vigae vinapendeza kwenye picha.

Kuhusu mahali pa kwaya sina ushauri wa kiroho. Kila kwaya itataka upande wa kulia wa madhabahu. Mchungaji aamue, atangaze mara moja, na asifungue mjadala.

Vyoo: vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, kimoja kiwe na mlango mpana na vyuma vya kushikia, na maji yawepo hata siku ya mgao. Tangi la akiba linunuliwe kabla ya kengele.

Umeme una jambo moja ambalo watu hawalitarajii. Wote huogopa feni. Tukapiga hesabu mezani: feni 16 za wati 75 kila moja, zikizunguka kwa muda wa saa 4 kila Jumapili, zinakula uniti 4.8. Kwa Jumapili nne hazifiki hata uniti 20. Lakini taa 10 za ulinzi za wati 50, zikiwaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, zinakula uniti 6 kila usiku, yaani uniti 180 kwa mwezi. Mlinzi na uzio wa nje ndio walikuwa wanatumaliza umeme wa LUKU, si ibada. Tulizibadilisha taa nyingi tukaweka za wati chache na nyingine za sola. Fanyeni hesabu hiyo na ya maji, mlinzi, sabuni na dawa ya mchwa, halafu muisome mbele ya washarika kabla ya kuhamia, ili wajue jengo linaanza kula siku linapomalizika kujengwa.

Mnada ni jambo ambalo kamati nyingi hulisahau, na kwa maoni yangu lina uzito kuliko vigae na spika. Kwenye banda la zamani, baada ya ibada, watu walitoka wakasimama chini ya mwembe. Sadaka za mazao zilinadiwa pale: mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, trei la mayai, debe la mahindi. Mnadishaji wetu ana ulimi, anaweza kuuza boga moja mara tatu, kila aliyelinunua analirudisha linadiwe tena. Watu walicheka, wakasalimiana, mgeni akaulizwa anakaa wapi, mgonjwa akaulizwa hali. Mtu aliyekosekana Jumapili mbili alijulikana pale chini ya mwembe, wala si kwenye daftari la mahudhurio.

Mchoro wa jengo jipya ulikuwa umeweka mlango mkubwa ukiangalia eneo la magari, lote limewekwa vitofali, hakuna kivuli hata cha paka. Ukitoka ibadani saa 6 jua liko utosini. Nilitembelea kanisa moja la jirani lililohamia kabla yetu, lenye uwanja wa aina hiyohiyo. Watu walitoka moja kwa moja kwenye magari na bodaboda, mnada ukabaki na wazee wa kanisa na kuku wawili. Kwa hiyo sisi tulipigania turubai la kudumu upande wa mashariki na miche ya miti ipandwe mapema, tukahamisha mlango wa kutokea watu wengi uelekee huko. Mhandisi alinung'unika. Aliyekuja kutuunga mkono ni mtunza hazina, maana alijua mnada unaingiza kiasi gani. Wapangieni watu mahali pa kusimama baada ya amina ya mwisho, na muwape kivuli. Kanisa linapokua, huko ndiko watu wanakojuana.

Jambo la karibu na hilo ni idadi ya ibada. Mkiingia kwenye jengo linalochukua watu wote kwa pamoja, mtashawishika kuunganisha ibada ya kwanza na ya pili ili kanisa lionekane limejaa. Subirini kwanza. Ibada ya saa 1 asubuhi ina watu wake: walinzi wanaotoka zamu ya usiku, wauguzi wanaoingia zamu, mamalishe, wachuuzi wanaowahi Feri kufuata samaki, wasichana wa kazi ambao matajiri wao wanawaruhusu kwa muda wa saa mbili tu. Hao hawatakuja saa 4. Wala hawatalalamika kwenye kikao, kwa sababu hawana muda wa vikao. Angalieni kwanza hata mwaka, ndipo muamue.

Majirani watembelewe kabla ya siku ya kwanza, si baada ya malalamiko. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha nyumba kwa nyumba upande wa spika. Tulimtembelea pia imamu wa msikiti ulio barabara ya pili, tukapatana kuhusu maegesho: Ijumaa mchana waumini wake wanatumia uwanja wetu, Jumapili magari yetu hayazibi njia yao. Kuhusu mkesha, tukakubaliana na majirani saa ya kuzima spika za nje. NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana kanuni za kelele na wanazitumia, lakini jirani aliyeketi nanyi akanywa chai hupiga simu kwenu kwanza.

Fedha. Jengo linapokaribia kuisha, washarika huwa wamechoka kuliko wanavyoonesha. Wametoa bahasha ya ahadi, ya ujenzi, ya jumuiya, ya kwaya inayorekodi, na bado kila Jumapili kuna tangazo la "kumalizia". Ushauri wangu ni kwamba tangazo la kumalizia liwe na mwisho. Kamati ya ujenzi iandike kimeingia nini, kimetoka nini, deni ni lipi, anayedai ni nani, na karatasi hiyo ibandikwe mahali kila mtu atasoma. Halafu bahasha ya ujenzi ipumzishwe kwa muda, hata kama kuna deni dogo. Kanisa linalohamia na kuanza kukamua siku hiyohiyo linawafundisha watu kukaa nyumbani. Na majina ya wasiotimiza ahadi yasisomwe hadharani. Nimewahi kuyasikia yakisomwa mahali fulani, na mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mume mwaka ule alikuwa kwenye orodha.

Kuna mstari ambao wajumbe wasiopenda ukaguzi huupenda: Wafalme wa Pili 12, ambapo wasimamizi wa ukarabati wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Wakiusoma, waombeni wapande mistari michache juu. Kuhani Yehoyada alitoboa tundu kwenye kifuniko cha kasha, na kasha lilipojaa, fedha zilihesabiwa na mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu. Watu wawili, ofisi mbili tofauti.

Siku ya kuweka wakfu mtashughulika nayo sana, kwa hiyo nitasema machache. Ombeni ruhusa ya jimbo na dayosisi msali humo wiki kadhaa kabla askofu hajaja. Kasoro zitajitokeza mkiwa wenyewe: feni inayolia, mlango usiofunguka, meza ya Bwana iliyo juu mno kwa mchungaji mfupi. Milango yote ifunguke kuelekea nje na isikomewe wakati wa ibada. Waiteni Zimamoto waje kuona. Mgeni rasmi apewe dakika zake na ziheshimiwe. Pilau ianze na watoto, na mafundi waalikwe na wake zao, wakae mbele, wasimamishwe kwa majina. Mpiga plasta wetu alikuwa Mwislamu wa Kisarawe. Alikuja na familia nzima, amevaa kanzu nyeupe, akapigiwa makofi mengi kuliko mheshimiwa.

Banda la zamani lipatiwe kazi kabla hamjahama, la sivyo litakuwa stoo ya mabenchi mabovu ndani ya mwezi mmoja. Sisi tulilikabidhi kwa shule ya Jumapili, kwa maandishi ya baraza la wazee, ili mtu asije baadaye na wazo la kulikodisha kwa sherehe. Funguo za jengo jipya ziwe seti tatu kwa watu watatu wasio wa familia moja, na mabadiliko yaandikwe kwenye daftari.

La mwisho, ulizeni hati ya kiwanja iko kwa jina la nani. Inatakiwa isome bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini. Kama bado inasoma jina la mzee aliyetoa eneo zamani zile mlipokuwa familia chache, mfuateni sasa, akiwa hai na ana kumbukumbu zake, na mumwombe aite watoto wake wote wakubwa kwenye kikao hicho, hata yule asiyesali kwenu.